Sifa ya Kichupa Kitupu

Fundi wa kupima metali katika mvuke wa sigara za kielektroniki huosha zaidi kuliko anavyopima. Vichupa vya plastiki hulala ndani ya asidi ya naitriki, asubuhi vikasuuzwa kwa maji yaliyochujwa mpaka hayana chumvi. Glavu huwa zisizo na poda, maana poda huja na zinki yake. Pete huvuliwa. Asiyejua atasema ni udhu wa mtu mwenye wasiwasi.

Lakini kinachosakwa ni nanogramu, sehemu moja ya bilioni ya gramu, na vumbi la dirishani laweza kuharibu kazi yote. Somo hilo lilimchosha Clair Patterson, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina miaka bilioni 4.55. Risasi aliyoitafuta maweni aliikuta pia hewani, vyomboni na mikononi mwake, akabaki kusugua tu. Baadaye alipoinyoshea kidole petroli iliyotiwa risasi, wenye viwanda hawakumpenda.

Ninachokipenda zaidi ni unasaji. Mashine huvuta kwa kanuni: mililita 55, sekunde 3, kisha hutulia hadi nusu dakika itimie. Ila mvuke huo utauweka wapi? Kichujio cha nyuzi za kioo kina metali zake, kitakusingizia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2018, waliunganisha ncha za pipeti na vipande vya mpira wa plastiki. Mvuke ukapita humo ukijigonga kutani, ukawa matone, ukachuruzika kichupani. Vitu vya bei rahisi! Vifaa vya uvutaji vilikuwa vya wavutaji wenyewe, 56, vilivyokwisha tumika. Kimiminika cha kujazia kilikuwa na metali kidogo. Kilichopita kwenye koili, ule waya wa kukipasha moto, ndicho kilichobeba kromi, nikeli, zinki na risasi.

Kinachofuata ni moto wa gesi ya agoni na mashine ya kupambanua atomu kwa uzito. Mashine hununuliwa, siisifu.

Namsifu anayevuta hewa tupu, bila sigara, akaipitisha njia ileile, kwa asidi ileile, ili ajue uchafu wake mwenyewe ni kiasi gani, kisha auondoe kwenye hesabu. Siku hizi takwimu husambazwa simuni zikitisha au zikituliza, na hakuna anayeuliza kichupa kitupu kilisemaje. Muuzaji naye ana rangi na ladha ya embe, haulizwi koili ni ya madini gani.

Na biashara haimsubiri fundi. Vile vya tangi la kujaza vilipokwisha kupimwa, vijana walikuwa wakihamia vya kutupa, ambavyo koili imefungiwa ndani na hakuna pa kuchotea sampuli ya kimiminika ila uvivunje. Kinavutwa, kinaisha, kinatupwa mtaroni pamoja na betri yake, kabla mtu hajakipima.