Mgeni na Jembe

Msomaji, huenda umepata kuwaona vijana wa shule za ng'ambo wakija katika nchi yetu wakati wa likizo zao. Hukaa kijijini wiki mbili au tatu, wakapaka rangi kuta za madarasa au wakachimba misingi, kisha huenda Maasai Mara kutazama wanyama na kurudi kwao. Safari hizo husifiwa kuwa ni elimu kwa mgeni na msaada kwa mwenyeji. Je, sifa hiyo ni ya haki? Iko hotuba moja ifaayo kupimwa kwa ajili ya swali hili.

Hotuba hiyo ilitolewa na Ivan Illich mwezi wa Aprili, 1968. Illich alizaliwa Vienna mwaka wa 1926, akawa padri wa Kikatoliki, na baadaye akafanya makao yake Cuernavaca, katika nchi ya Meksiko. Wasikilizaji wake walikuwa wanafunzi wa Marekani waliohusika na safari za kwenda vijijini Meksiko kufanya kazi za hisani. Walimwalika wenyewe, naye hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba nia njema haitoshi. Kwamba kutojua lugha kuliwazuia kufahamu walitendalo na wanavyofikiriwa na wenyeji. Na kwamba madhara yampatayo mwenyeji ni bei kubwa mno ya kulipia somo la mgeni. Aliwakaribisha kuja kutazama na kusoma, lakini si kuja kusaidia.

Nguvu ya hotuba hii ni kuuliza nani alipaye gharama ya elimu. Tazama ukuta uliopakwa rangi na kijana asiyepata kushika brashi maishani mwake. Yeye amejifunza, lakini fundi wa kijiji, ambaye angeifanya kazi ile kwa ujira na kwa ustadi, amekaa kivulini. Kijiji hakikukosa mikono. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, wananchi wa Kenya walijenga shule nyingi za Harambee kwa michango na jasho lao. Mara nyingi kilichopungua ni saruji, mabati, vitabu na mshahara wa mwalimu.

Hata hivyo, hotuba ina kasoro mbili. Kwanza, Illich mwenyewe alikuwa mgeni Meksiko. Alikaa, akajua lugha, akafanya kazi miongoni mwa watu. Maisha yake yatuonyesha kwamba mgeni aweza kufaa akiwa na subira. Basi haikumpasa kuwatia wageni wote katika kapu moja. Pili, katika hotuba hii mwenyeji husemewa, hasemi. Anayewalaumu wengine kwa kuamua mambo ya wanakijiji bila wao, naye huamua kwa niaba yao kwamba msaada haufai.

Hapa wazee wetu walikwisha kuona mbali kwa methali mbili. Waliposema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walikiri kwamba ugeni una heri. Waliposema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," waliweka mpaka. Angalia sana neno "mpe." Jembe hutolewa na mwenyeji, na shamba la kulimwa huonyeshwa na mwenyeji. Siku mbili za kwanza mgeni hutazama, husikiliza na kula alichopewa. Illich angemnyima mgeni jembe milele. Safari nyingi za shule humleta mgeni akiwa na jembe lake begani siku ya kwanza, na shamba amekwisha kulichagua kwao.

Kwa hiyo, usizikatae safari hizi zote, wala usizisifu zote. Uliza: Je, wageni wamejifunza japo kidogo lugha ya mahali? Ni nani aliyeitaka kazi hii? Je, wamemwondolea fundi riziki yake, au wamefanya kazi chini ya amri yake? Wakirudi kwao, watasema walisaidia, au watakiri kwamba walifundishwa? Maswali hayo yakuhusu nawe pia, siku shule yako itakapokupeleka wilaya ya mbali kuwatumikia watu usiowajua. Utakapofika huko, ngoja kwanza upewe jembe.