Nyaya Mbili kwa Ndoano Moja: Kazi ya Ngamani Ilivyohamia Bara

Mabaharia wastaafu wakikaa pamoja, mazungumzo huanza na dhoruba, huzunguka bandari, kisha huishia kwa nahodha fulani aliyekuwa mkali. Kuna jambo moja wanalolipita haraka, kana kwamba kila mtu analijua, nalo ndilo ningependa lisimuliwe kwa kirefu: namna mzigo ulivyopakiwa kabla ya kontena. Ninaandika nikiwa Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako habari za meli huonekana kuwa za watu wa Mombasa. Sikubaliani na hilo. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa ngamani, yaani ndani ya tumbo la meli, sasa inafanywa huku bara, na wanaoifanya hawajapata kufundishwa alichokijua baharia.

Tuanze na shehena iliyotoka kwetu. Kwa miaka mingi kiwanda cha EATEC hapa mjini kilichemsha magome ya miwati ili kupata tanini ya viwanda vya ngozi. Magome yalikatwakatwa, yakalowekwa katika maji ya moto, kisha maji yale yakapunguzwa kwa mvuke mpaka yakawa uji mzito wa rangi ya hudhurungi, ukamiminwa magunini ungali moto, ukaganda. Gunia likapanda behewa. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 haiteremki moja kwa moja kuelekea pwani: kwanza hupanda hadi mita 2,784 karibu na Timboroa, ndipo ianze safari ya kushuka kupitia Nakuru na Nairobi mpaka Kilindini. Bidhaa iliyoganda vizuri kwenye baridi yetu ilifika mahali penye joto la kuweza kuilainisha, magunia yakashikana. Kuanzia hapo ilikuwa mikononi mwa makuli na mabaharia.

Kilindini ilikuwa na bahati. Ni mkono wa bahari uliotulia, na magati ya maji marefu yalianza kutumika katikati ya miaka ya 1920. Dar es Salaam iliendelea kupakua kwa matishali hadi mwaka 1956. Waliotumikia meli za Elder Dempster au Palm Line katika pwani ya Afrika Magharibi walikuta makubwa zaidi: Accra haikuwa na gati la meli, mpaka bandari ya Tema ilipofunguliwa mwaka 1962. Meli ilitia nanga mbali, mashua za makasia zikapasua mawimbi kuifuata, na abiria wakateremshwa humo ndani ya kiti cha mbao kilichoning'inizwa kwenye ndoano ya mizigo. Vibarua wa Kikru walichukuliwa Freetown meli ikienda, wakafanya kazi bandari baada ya bandari, wakarudishwa kwao meli ikirejea. Mandhari zilitofautiana, ila mtambo wa kunyanyulia ulikuwa mmoja, Takoradi ya Afrika Magharibi na Mombasa.

Ulifanya kazi hivi. Kila mlango wa ngama ulikuwa na boriti mbili za chuma zilizoegemezwa kwenye mlingoti, kila moja na winchi yake. Boriti ya kwanza ilielekezwa juu ya ngama, ya pili juu ya gati, kisha zote zikafungwa kwa kamba za pembeni zisisogee tena siku nzima. Nyaya za winchi zote mbili ziliungwa kwenye ndoano moja. Winchi ya upande wa gati ilinyanyua mzigo, ya ngama ikikusanya tu waya uliolegea. Mzigo ulipopita ukingo wa meli, winchi ya ngama ilivuta huku ya gati ikiachia, mzigo ukahama hewani hali boriti zimesimama palepale. Ulipofika juu ya mlango, ukateremshwa. Hakuna kilichozunguka, ndiyo maana kazi ilikwenda mbio.

Hatari ilikuwa katikati ya safari hiyo fupi. Mzigo ukining'inia kwenye nyaya mbili, uzito haugawanyiki nusu kwa nusu kama mtu angedhani. Hutegemea pembe iliyo kati ya nyaya. Chukua mzigo wa tani moja. Pembe ikiwa nyuzi 90, kila waya hubeba kilo 700 na ushee. Ikifika nyuzi 120, kila waya hubeba tani nzima. Ikipanuka hadi 150, kila waya hubeba karibu tani mbili, na mzigo haujaongezeka hata gunia. Kadiri mzigo unavyopandishwa juu ndivyo pembe inavyopanuka. Kwa hiyo mwendesha winchi hodari alinyanyua kiasi cha kupita ukingo tu, basi. Mgeni wa kazi alidhani kupandisha juu ndiko usalama, na kamba za pembeni zikawa ndizo za kwanza kukatika. Kwa sababu hiyohiyo boriti iliyopimwa kubeba tani 5 iliwekewa kikomo cha theluthi hivi ilipofungwa namna hii.

Kumbuka pia kwamba waendesha winchi mara nyingi hawakuona kilichomo ngamani. Walimtazama mtu mmoja tu, aliyesimama kwenye ukingo wa mlango akiinamia giza la chini, akiongea kwa mikono. Watu watatu, winchi mbili, ndoano moja, na chini yake makuli waliokuwa wakisubiri. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ilikuwa pia kazi ya jasho na malipo haba, na mgomo mkubwa wa bandari ya Mombasa mwaka 1955, ambao kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya alisaidia kuusuluhisha, haukuzuka bure.

Kunyanyua kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kupanga, na hapo adui alikuwa maji yasiyotoka baharini. Meli iliyopakia kwenye joto la Mombasa ilifungia ngamani hewa yenye unyevu. Ilipoingia kwenye bahari baridi, mabamba ya chuma yalipoa, unyevu ukageuka matone, matone yakadondokea magunia. Mbao zilitandazwa chini na kusimamishwa kandokando ili gunia lisiguse chuma, na nafasi zikaachwa katikati ya marundo hewa ipite. Baharia alipima hewa ya nje na ya ngamani kwa vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimefungwa kitambaa kibichi. Akiona hewa ya nje ina kiwango cha umande (joto ambalo unyevu huanza kugeuka matone) cha chini kuliko ya ndani, alifungua njia za hewa. Akiona kinyume chake, alizifunga.

Mfereji wa Suez ulipofungwa kuanzia Juni 1967 hadi Juni 1975, hesabu hii ikawa ngumu maradufu. Meli kutoka Mombasa ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikakutana na baridi, ikaingia joto la bahari ya Afrika Magharibi, kisha baridi ya Ulaya. Kila badiliko lilidai uamuzi mpya juu ya njia zilezile za hewa.

Kontena liliondoa boriti, ndoano na yule mtu wa ishara. Wengi husema liliondoa na ujuzi wenyewe. Mimi naona liliuhamisha tu. Anayepanga mzigo sasa hayuko ngamani, yuko kwenye ghala la bara, na akishafunga lakiri hakuna atakayefungua njia ya hewa tena hadi Antwerp. Tazama makontena ya kahawa ya Uganda yanayopita hapa Eldoret kwa malori kila siku. Sanduku la futi 20 hubeba tani 19 hivi za kahawa ya magunia. Kahawa iliyokaushwa vizuri bado ina unyevu wa asilimia 11 au 12, maana yake ndani ya sanduku lile mna zaidi ya lita 2,000 za maji. Likipoa usiku, dari hutoa jasho na kahawa ya juu hunyeshewa ndani ya chuma kisichovuja. Kuta na dari zisipotandikwa makaratasi magumu, mifuko ya kufyonza unyevu isipotundikwa, au mzigo ukipakiwa mvua inanyesha, hasara imeshapatikana kabla ya Nakuru.

Avokado za Uasin Gishu na Nandi zina somo lake. Kontena la baridi limeundwa kutunza ubaridi, halina nguvu ya kupoza haraka tunda lililotoka juani. Sharti tunda lipozwe kwanza. Hewa ya kontena hupulizwa kutoka sakafuni kwenda juu, kwa hiyo makreti yakizidi mstari mwekundu ulio karibu na dari, yameiziba njia.

Ningependa The Eldoret National Polytechnic iwaalike mabaharia wastaafu kutoka Mombasa wawafundishe wapakiaji wetu, kwa siku chache tu, ghalani, kontena likiwa wazi. Waanze na kontena tupu: mtu aingie, milango ifungwe, atazame juu na pembeni. Akiona mwanga unapenya hata tundu la sindano, maji yatapenya hapohapo. Ainuse sakafu ya mbao na kuigusa kwa kiganja. Ikiwa mbichi, itarudisha unyevu wake kwenye kahawa njia nzima. Kontena la namna hiyo lirudishwe, hata kama lori limeshalipwa na dereva anapiga honi.