Hatia ya Kinjeketile na Watu wa Bonde

Tamthilia ya Kinjeketile, iliyotungwa na Ebrahim Hussein na kutolewa mwaka 1969, imezoewa kusomwa kama sifa ya shujaa aliyewaunganisha watu wa kusini wapigane na Wadachi. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni mfupi. Kiini cha mchezo huu ni hatia ya mtu mmoja. Na uzito wa hatia hiyo hauonekani wote mpaka msomaji aondoe macho yake Ngarambe, aliko Kinjeketile, ayaelekeze magharibi kwenye bonde la Kilombero, ambako maji yalifika na mwenyewe asifike.

Kinjeketile wa mchezo avutwa mtoni na mzimu wa Hongo, naye atoka akiwa na maji yatakayowakinga watu na risasi. Watu wafurahi, ila yeye aanza kuogopa. Kinywa chake kimetamka kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said, na akili zake zikimrudia auona mtego: kumwondoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Tangu hapo moyo wake wapasuka pande mbili. Akimtii Hongo, huenda awapeleka watu wake utumwani. Akiwatii watu, hana budi kuyakana maneno ambayo ndiyo yaliyowaweka pamoja. Ataka wangoje, nao, waliochoka na viboko na mashamba ya pamba, hawawezi kungoja. Neno lililomtoka limemshinda nguvu, na mshika mbili moja humponyoka.

Hapa yafaa kuutofautisha mchezo na historia, kama mtungaji mwenyewe alivyotaka utofautishwe. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, visivyotimiza hata majuma matatu. Kinjeketile wa mchezo aachwa hai mpaka kushindwa. Tofauti hiyo si ya bure. Historia ilimwondoa mtu huyu kabla hajaiona mizoga. Mtungaji akamrudisha, akamsimamisha mbele yake. Ndiyo kusema kwamba hatia ya Kinjeketile ni kazi ya mtungaji tangu mwanzo hadi mwisho: amempa marehemu dhamiri ambayo kamba ilimnyima nafasi ya kuwa nayo.

Mizoga yenyewe ilikuwa ya kweli, na mingi ililala bondeni. Mwezi ule ule wa Agosti boma la Ifakara lilivamiwa likaanguka. Tarehe 30 Agosti, siku ishirini na sita baada ya kunyongwa kwake, Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Mahenge wakiyaamini maji, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Watu hao hawakumjua Kinjeketile kwa sura wala kwa sauti. Walilipokea neno kutoka kwa wajumbe, na wajumbe kutoka kwa wajumbe wengine. Basi hofu ya Kinjeketile wa mchezo, kwamba neno laweza kumzidi aliyelizaa, haikuwa ndoto ya mshairi. Mahenge lilitendeka neno la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Lakini bonde lina shahidi wa pili, ambaye mchezo haukumwita. Chita iko chini ya milima ya Udzungwa, katika upande wa bonde ulio wa Wandamba na Wabena. Mtema wa Wabena wa huko, Kiwanga, aliwahi kushirikiana na Wadachi dhidi ya Mkwawa katika miaka ya 1890. Na vita vya Maji Maji vilipozuka alibaki upande wao. Ni rahisi kumwita msaliti. Ila mtu aliyemwona Mkwawa kuwa tishio la karibu, na Mdachi kuwa ngao, naye alikuwa amegawanyika: alikuwa na watu wa kuwalinda leo, na nchi ya kuikomboa kesho, na hakuweza kuyashika yote mawili. Tamthilia yaonyesha makabila yakinung'unikiana na kukawia kuungana. Haionyeshi kabila lililopima, likaamua kutoungana. Huo ndio upungufu wake mkubwa, kwa maana swali la Kinjeketile, nani atakuwa bwana baada ya ushindi, laweza kuwa ndilo lililoulizwa na Kiwanga, kila mmoja akalijibu kwa njia yake.

Kwa nuru hiyo mwisho wa mchezo wasomeka upya. Kinjeketile na Kitunda wako kifungoni, wamepigwa. Kitunda, aliyewaongoza askari na kuwaona wakianguka, ataka mwenzake aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile akataa: akilisema hilo, Wadachi watawafundisha wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana. Wasomaji wengi husimama hapo wakashangilia. Haifai kushangilia upesi. Kitunda asema kwa ajili ya waliokufa. Kinjeketile anyamaza kwa ajili ya watakaozaliwa. Wote wawili ni waaminifu, na uaminifu wa mmoja wautukana uaminifu wa mwingine. Kinjeketile hajitakasi kwa kunyamaza. Achagua hatia atakayokufa nayo.

Kwa hiyo ukuu wa Kinjeketile hauko katika maji, wala katika kukataa kwake tu. Uko katika kujua kwamba neno lililo jema kwa wajukuu laweza kuwa ovu kwa baba zao, na katika kutoitupa nusu yoyote ya mzigo huo. Mwanafunzi akiandika katika mtihani neno "shujaa" peke yake, amewasahau waliolala Mahenge. Akiandika "mwongo", amewasahau wajukuu. Na akimwandika Kinjeketile pasipo kumkumbuka Kiwanga, amesoma nusu ya vita.