Mwani wa Pwani na Ukoga wa Kisimani

Istilahi "mwani wa maji baridi" hatuiafiki. Kwa Mpemba mwani ni zao: tangu kilimo chake cha biashara kianze Zanzibar mwaka 1989, akina mama huufunga kambani, huuanika na kuuza. Ukimwonya mkulima huyo kwamba kisima chake kimeingia mwani wenye sumu, hatashtuka.

Kibaya zaidi ni "mwani wa buluu-kijani", tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kizungu. Viumbe hao ni bakteria. Seli zao hazina kiini. Wapatapo fosforasi na naitrojeni kwa wingi, kutokana na mbolea na maji machafu, huongezeka ghafla, kama ilivyoonekana katika Ziwa Victoria. Baadhi yao hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kuchemsha maji, na kuwaua kwa mrututu huweza kuimwaga sumu hiyo majini kwa mara moja. Mwenye kudhani ni jani tu atautia mrututu bila wasiwasi.

Kwa hiyo twapendekeza "sianobakteria" kwa bakteria hao, na "ukoga wa maji" kwa utando mwingine wa kisimani. Wapo watakaosema ukoga ni wa meno. Naam, lakini huo hakuna auvunaye.