Mtayarishaji Ameketi Wapi?

Jumapili usiku, tarehe 30 Novemba 1958, katika studio za kampuni ya ABC huko Didsbury, Manchester, waigizaji walikuwa katikati ya tamthilia iliyokuwa ikirushwa hewani moja kwa moja. Iliitwa Underground, kisa cha manusura wa bomu la nyuklia walionaswa kwenye njia za treni za chini ya ardhi London. Mmoja wa waigizaji, Gareth Jones, mwenye miaka 33, alitoka mbele ya kamera, akaenda kupakwa vipodozi tayari kwa onyesho lake linalofuata, akaanguka. Hakuamka tena. Huko majumbani watu wanakunywa chai na kusubiri kuona atatokea mlango upi.

Muongozaji alikuwa Ted Kotcheff, huyo huyo ambaye miaka mingi baadaye aliongoza First Blood, Rambo ya kwanza, ile ambayo mabanda yetu ya video yaliirudia mpaka mkanda ukachoka. Ilimbidi aache kiti chake, ashuke mwenyewe sakafuni kwa waigizaji, na awapange upya palepale: nani abebe maneno ya marehemu, nani aruke onyesho zima. Huku juu, mbele ya skrini, kamera alimwachia msaidizi wake, binti aliyekuwa ametimiza miaka 23 siku tatu kabla. Ndiye Verity Lambert.

Anayejua chumba cha kuongozea kilivyokuwa enzi hizo ataelewa alichoachiwa. Skrini zimepangwa safu, kila moja inaonyesha kamera moja inaona nini, na moja inaonyesha kile kinachomfikia mtazamaji. Muongozaji anaita kwa namba: mbili jiandae, mbili, tatu sogea, tatu. Mchanganyaji picha anabonyeza. Msaidizi amekaa pembeni, skripti mapajani, saa ya sekunde mkononi, akitaja namba ya picha inayofuata na muda uliobaki. Kila picha ilishapangiwa kamera yake tangu kwenye mazoezi. Sasa mtu mmoja katika mpango ule hayupo, waigizaji wanabuni maneno wakiwa hewani, na skripti iliyo mapajani haimsaidii mtu. Binti yule alitazama skrini, akaita kamera kwa alichokiona. Tamthilia ikafika mwisho.

Usiku ule alikuwa anaongoza. Jina lake alilipata kwa kazi nyingine, utayarishaji, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa kwa sababu haina wa kuisifu. Mwigizaji tunamjua kwa sura, na siku hizi hata muongozaji anapigiwa makofi. Mtayarishaji ni kama mwenyekiti wa kamati ya harusi: kwenye picha hayumo, ila pilau ikipungua wote wanajua wa kumfuata. Yeye ndiye anayechagua mwandishi, muongozaji na mwigizaji mkuu, anagawa fedha, halafu anabaki na sehemu ngumu kuliko zote, kuilinda kazi ya wenzake katika kile kipindi ambacho hakuna anayejua kama itafaa. Uzuri wa kazi yenyewe haujaonekana bado. Kilichopo ni skripti, hofu na wakubwa wenye maoni.

Lambert hakuingilia mlango wa mbele. Alisomea ukatibu muhtasi, akaajiriwa na televisheni ya Granada na kuachishwa kazi baada ya miezi michache, kisha akaenda ABC kuwa katibu muhtasi. Huko mkuu wa tamthilia alikuwa Mkanada mmoja, Sydney Newman. Newman alipohamia BBC alimkumbuka, na mwaka 1963 akampa mfululizo mpya wa watoto na wazazi wao kuhusu mzee anayesafiri katika wakati. Lambert alikuwa na miaka 27, mtayarishaji mwanamke pekee katika idara ya tamthilia. Muongozaji wa mwanzo, Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India, alikuwa na miaka 24. Hebu piga picha ya wawili hao katika korido za shirika lile la wanaume wa makamo wenye suti za kijivu.

Walipewa Studio D ya Lime Grove, chumba kidogo, cha zamani, chenye joto la kutosha kuyeyusha vipodozi usoni mwa mtu. Mkanda wa video ulikuwa ghali na kuukata kulikuwa kuuharibu, kwa hiyo sehemu nzima ilirekodiwa karibu kama ya moja kwa moja. Kosa dogo lilibaki; kosa kubwa lilimaanisha kuanza upya. Waliporekodi sehemu ya kwanza, Septemba 1963, milango ya chombo cha mzee yule ilikataa kufunga. Ikawa inagonga nyuma ya waigizaji huku wao wakijitahidi kuonekana wako ndani ya mtambo usio na mfano ulimwenguni. Zaidi ya hapo, mzee mwenyewe, aliyeigizwa na William Hartnell, alitoka mkali kupita kiasi. Newman alitazama, akawaambia wairudie yote.

Waliirudia Oktoba. Mfululizo huo, Doctor Who, ukaenda hewani Jumamosi tarehe 23 Novemba, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, dunia nzima ikiwa na habari moja tu. BBC ikalazimika kuionyesha tena sehemu ile wiki iliyofuata, kabla ya sehemu ya pili.

Mtihani wenyewe ulikuja na kisa cha pili. Newman alishasema mapema hataki madude ya kutisha yenye macho yaliyotoka. Mwandishi Terry Nation akaleta Daleks: viumbe waliofungiwa ndani ya deraya ya chuma, na msanifu Raymond Cusick akawapa jicho kwenye fimbo na mkono unaofanana na kile kifaa cha mpira cha kuzibulia sinki. Donald Wilson, mkuu wa idara ya mifululizo, alisoma skripti akaona ni takataka, akauliza kama ipo nyingine. Hapakuwa na nyingine iliyo tayari. Lambert akashikilia kwamba itafanywa hiyo hiyo. Sehemu hizo zikaanza kuonyeshwa kuelekea Krismasi, watazamaji wakapita milioni 10, na watoto wakawa wanatembea viwanjani wamenyoosha mikono wakikoroma kama mashine. Kwa simulizi la Lambert mwenyewe, Wilson alimwendea akakiri kwamba Lambert anakielewa kipindi hicho zaidi yake, na hatamwingilia tena.

Wengi huona hapo jicho la kuotea kitakachopendwa. Mimi naona ukaidi wenye adabu, na nadhani huo ni adimu zaidi. Jicho kila mtu anadai analo baada ya matokeo kutoka. Ukaidi unahitajika siku ile ambayo bosi ameshika karatasi mkononi na hana furaha.

Aliuendeleza alikokwenda. Mwaka 1974 aliingia kampuni ya televisheni ya Thames kuwa mkuu wa tamthilia, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaonyesha The Naked Civil Servant, maisha ya Quentin Crisp, mwanamume aliyeishi London bila kuficha kwamba anapenda wanaume, katika enzi ambazo sheria ilimfunga mtu kwa hilo. BBC ilikuwa imeikataa skripti ya Philip Mackie. John Hurt akaigiza, na mpaka leo ukimtaja Hurt kuna watakaoitaja kwanza filamu hiyo ya televisheni. Halafu Minder, 1979, kisa cha mlanguzi mdogo wa London na mlinzi wake. Mwanzoni haikuvuta watu, na kipindi kisichovuta watu, kokote duniani, hutafutiwa kaburi mapema. Lambert aliwashawishi wakubwa wa Thames waivumilie. Ilidumu hadi 1994.

Kuna kazi yake moja iliyopita hapa kwetu. Mwaka 1981 Euston Films, kampuni tanzu ya Thames aliyoiongoza, ilitoa The Flame Trees of Thika, sehemu saba zilizopigwa nchini Kenya kutoka katika kitabu cha Elspeth Huxley, Hayley Mills akiwa mama wa familia ya walowezi. Picha zake ni nzuri, tena mno: nyasi, vumbi, mwanga wa jioni. Ila macho yanayotazama ni ya mtoto wa mlowezi, na Wakikuyu ambao ardhi ilikuwa yao wamekaa pembezoni mwa picha kama wageni. Sisemi kosa ni la mtayarishaji peke yake, maana kitabu kilishachagua pa kusimama. Lakini kuchagua kitabu ni kazi ya ofisi yake, na hapo ndipo ninapomdai. Aliyepigania madude ya chuma angeweza kupigania pia mwandishi mmoja wa Kikenya mezani.

Tena si kila alichokishikilia kilisimama. Baada ya kuanzisha kampuni yake, Cinema Verity, mwaka 1985, aliiletea BBC Eldorado, tamthilia ya mara tatu kwa wiki kuhusu Waingereza waliohamia pwani ya Hispania. Kijiji kizima kilijengwa karibu na Coín, mkoa wa Málaga. Ilianza Julai 1992, magazeti yakaicheka tangu wiki ya kwanza, na Julai 1993 ikafungwa. Waigizaji kadhaa hawakuwa na uzoefu, sauti zilipotelea katika kuta za saruji, na nadhani hata mtu mkaidi kuliko yeye asingeiokoa. Ukaidi ule ule uliowapa nafasi Daleks ndio ulioijenga Coín. Ukiwa ndani huwezi kujua upi ni upi.

Wapo wangestaafu hapo. Yeye aliendelea na kazi. Alichukua Jonathan Creek, mfululizo wa David Renwick kuhusu mbunifu wa mazingaombwe anayefumbua mafumbo ya mauaji, akaenda nao hadi 2004. Kisha akaifanya Love Soup ya Renwick huyo huyo, na alikuwa bado na kazi hiyo mezani alipofariki Novemba 2007, akiwa na miaka 71.