Direkta anafundishwa wapi?

Wenzangu, kwetu direkta akirudi na cheti cha Ulaya hata salamu inabadilika. Anaitwa "mukubwa", na sisi wa lisansi ya Bukavu tunainamisha kichwa. Mimi niko na mashaka na ile heshima. Nitachukua mfano ambao kila mtu wa Bukavu anaujua: Equity BCDC.

Kampuni mama iko Nairobi. James Mwangi aliingia Equity mwaka 1993. Ilikuwa imeanza 1984, kampuni ndogo ya kukopesha pesa za nyumba, na hesabu zake zilikuwa zimeanguka kabisa. Yeye ni mtoto wa Kangema, kijijini Murang'a, aliyesoma biashara Chuo Kikuu cha Nairobi. Benki kubwa hazikumtaka muuza mboga, Equity ikamfungulia konti. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa. 2015 ikanunua ProCredit ya Kongo, 2020 ikachukua BCDC.

Ndiyo, Mwangi alifanya pia formasyo ya wadirekta ya Strathmore pamoja na IESE ya Barcelona. Lakini mutazame mpangilio: Strathmore ilianzisha shule yake ya biashara 2005. Kazi ngumu ya kuifufua Equity ilikuwa imekwisha kufanyika. Barcelona haikumwonyesha muuza mboga ni nani. Labda ilimsaidia kwa kuongoza kitu kikubwa, na hilo si dogo: benki kwenye nchi sita, kila moja na sheria zake, inataka shule.

Kwa hiyo sisemi masomo ya nje ni bure. IESE wanasomesha kwa visa, mtindo uliotoka Harvard: munapewa shida ya kampuni fulani, munabishana mpaka jasho. Mtindo mzuri kweli. Swali langu ni visa vya nani. Huku Kabare, mama wa kahawa anapima bei ya hapa na bei ya kahawa inayovuka ziwa usiku kwenda Rwanda, na mvua, na vizuizi vya njiani. Kwangu hicho ni kisa kikali kuliko cha kiwanda cha magari. Kingine: Februari 2025 benki za Bukavu zilifunga milango, pesa za watu zikabaki ndani. Direkta anamwambia nini mteja wa Mumosho ambaye minerval ya mtoto iko kwenye konti? Ningependa Barcelona wabishane juu ya hilo. Lakini hapa kwanza.

Maana hapa tuko na vijana wa agronomia na vijana wa uchumi, na ni mara chache wanakaa meza moja. Kuanza hivyo hakuombi viza. Mtu afanye kazi kwanza miaka kadhaa, aone kahawa ikioza kwa kukosa gari, halafu aende Ulaya na maswali yake mwenyewe. Yule anayetangulia kwenda anarudi na maneno mengi, na wakulima wanamsikiliza kwa adabu, wakingoja aondoke wamalize kupima.