Kamba, Minyaa na Mawe ya Kusagia: Historia ya Mahali kwa Vitendo Mkoani Simiyu

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoanza kufundishwa katika darasa la tatu Januari 2024 kwa mujibu wa mtaala ulioboreshwa, linamtaka mwalimu ajenge umahiri, yaani uwezo wa mwanafunzi wa kutumia alichojifunza, badala ya kumkaririsha majina na tarehe. Hata hivyo, si kila kazi ya mikono ni historia. Watoto wakifinyanga ngoma ya udongo, ikapangwa dirishani na kipindi kikaisha bila yeyote kuulizwa ngoma hiyo inathibitisha nini kuhusu watu walioipiga, kilichofanyika ni somo la sanaa, na historia bado haijaanza.

Kazi iliyovuka kikomo hicho ipo karibu, katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ambayo msingi wake uliwekwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada. Huko jengo la watemi, yaani watawala wa jadi, limepewa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za tawala mbalimbali, hivi kwamba mgeni huanza kuusoma utawala kwa kulitazama jengo lenyewe kabla hajafikia maelezo.

Shule ya Bariadi, mkoani Simiyu, isiyo na nauli ya kufika Kisesa ina makumbusho yake ya wazi, nayo ni mahame, yaani mahali palipokuwa makazi kabla ya watu kuhama. Kabla ya Operesheni Vijiji, iliyoshika kasi mwaka 1974 na kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, kaya za Wasukuma zilitawanyika, kila moja ikizungushiwa ua wa minyaa. Palipokuwa na boma kama hilo huweza kubaki mstari wa minyaa ulionyooka kupita kawaida ya pori, vigae vya vyungu, na jiwe la kusagia lenye bonde katikati. Mwanafunzi akipitisha kiganja katika bonde hilo, akapima kina chake kwa kijiti, huweza kuulizwa swali ambalo kitabu hakiwezi kumjibia: ni nani aliyesaga hapa, alisaga nafaka gani, na kwa muda gani hata jiwe likalika hivi? Mwalimu hana budi kuwatahadharisha watoto wasivunje matawi, kwa kuwa utomvu wa minyaa huunguza macho.

Kutoka mahame darasa huenda kwa wazee, na hapa lugha inahitaji uangalifu mkubwa. Mahojiano yafanyike kwa Kisukuma, kwa sababu mzee anayelazimishwa kusimulia kwa Kiswahili hufupisha, kisha wanafunzi waandike muhtasari kwa Kiswahili huku wakibakiza majina kama luseni, udongo wa kichanga, yanayoeleza kwa nini kaya fulani ilikaa pale ilipokaa. Kuhama kwa mwaka 1974 kuliacha machungu kwa baadhi ya familia, na mwalimu asiyafiche wala asiyachochee. Awaachie wazee wawili wenye kumbukumbu tofauti wasikilizwe, kisha watoto waoneshe zinapokubaliana na zinapopingana.

Mpangilio wa wakati hukamilishwa kwa kamba ya katani, ambayo kila mwaka hupewa shubiri moja ya mkono wa mtoto. Fundo la kwanza ni uhuru wa mwaka 1961; shubiri mbili mbele, mwaka 1963, ni kufutwa kwa mamlaka ya watemi; shubiri 11 zaidi ni mwaka 1974, na 38 nyingine hufika mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Kamba yote haizidi sana mita 10, lakini mtoto anayeitembea kutoka fundo hadi fundo hutambua kuwa utemi ulifutwa karibu sana na uhuru, na kwamba mkoa wake ni mchanga kuliko wazazi wake.

Udhaifu wa njia hii umo katika upimaji. Mtihani wa kuchagua jibu hauwezi kuonesha kama mwanafunzi anajua kutoa ushahidi, kwa hiyo alama za kazi ya mahame zinapaswa kugawanywa kabla ya safari, sehemu kubwa ikienda kwa sababu anazozitoa kuliko uzuri wa mchoro, na mwanafunzi anayesema kwamba jiwe peke yake halitoshi kuthibitisha umri wa boma apewe alama zote za kipengele hicho.